Hita yangu inakula elementi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa safu ya ufundi,

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Jambiani, vyumba vinne. Vyumba viwili vya juu vinatumia hita moja ya umeme ya lita 80, elementi yake kilowati 1.5. Niliinunua mpya, bado haijatimiza miaka miwili. Maji ni ya kisima changu mwenyewe, kiko kama mita 150 kutoka pwani. Pampu inayapandisha kwenye tangi la lita 2,000 juu ya mnara, kisha yanashuka yenyewe.

Tatizo ni kuwa hita hii inakula elementi. Ya kiwandani ilikaa miezi minane. Ya pili mitano. Ya tatu haijafika hata minne, na wiki iliyopita breka ilianza kuanguka. Tukiinyanyua inakaa dakika kumi, inaanguka tena. Kila elementi kabla ya kufa hita huwa inanguruma na kupasukapasuka kama mafuta ya kukaangia yaliyoingia maji, na maji ya moto yanamtosha mtu mmoja na nusu. Huu ni wakati wa kusi, wageni wanatoka baharini kwenye kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji, wanatetemeka. Wakikuta maji baridi wananiandika vibaya mtandaoni.

Fundi anasema umeme wa huku ni mdogo na unapanda na kushuka, ndio unaoua elementi, kwa hiyo ninunue stabilaiza. Tena anataka kuniwekea elementi ya kilowati 3 ili maji yawahi kupata moto. Ile valvu ndogo chini ya hita ilikuwa ikidondosha maji na rangi ya ukuta ikababuka. Ameiziba kwa kizibo na tepu, sasa haidondoshi.

Mambo mawili mengine sijui kama yanahusika. Asubuhi maji ya moto ya mwanzo yanatoka na rangi ya chai. Na juzi mgeni mmoja alilalamika kuwa akishika mfereji wa shawa unamtekenya vidole. Nilikwenda kushika mwenyewe, sikuhisi kitu, lakini nilikuwa nimevaa kandambili.

Elementi mbili za mwanzo ninazo stoo, ya tatu bado imo ndani. Nifanye nini kabla sijanunua ya nne?

Mwenye nyumba, Jambiani

Wa alaykum salaam, dada yetu.

Tuanze na lile uliloliweka mwisho. Inuka uende kwenye boksi la umeme, zima breka ya hita, na isiwashwe tena mpaka kazi tutakayoieleza hapa imalizike. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, kwani baadhi hukata waya mmoja tu. Mfereji unaotekenya vidole maana yake umeme umeshaingia kwenye maji. Wewe kandambili zilikukinga. Mgeni alikuwa pekupeku, amerowa mwili mzima, amesimama juu ya sakafu ya maji. Siku nyingine haitakuwa mtekenyo.

Elementi ni waya mwembamba wa joto uliopitishwa katikati ya bomba la chuma, na baina yao umeshindiliwa unga mweupe unaopitisha joto lakini haupitishi umeme. Bomba likipata ufa, maji yanaingia, unga unarowa, na umeme unavuja kuelekea kwenye maji ya kukogea. Elementi ikipata moto ufa unapanuka na uvujaji unazidi. Ndiyo maana breka inastahamili dakika kumi kisha inaanguka. Breka haina ubovu. Kosa ni kuinyanyua tena.

Umeme huo uliovuja ulitakiwa ushuke ardhini kwa waya wa athi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Umepita kwa mtu kwa sababu athi ama haipo, ama ni ya jina tu. Fundi afungue kifuniko cha chini cha hita aangalie kama waya wa kijani umekazwa kwenye skrubu ya mwili wa tangi, au umekunjwa pembeni na kusahauliwa. Hilo la pili si jambo geni. Kisha apime kwa mita baina ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), halafu baina ya laivu na athi. Vipimo viwili hivyo vinatakiwa vikaribiane. Cha pili kikiwa chini sana au kinayumba, athi haipo. Vikilingana bado si ushahidi kamili, kwani mita ya mkononi haivuti umeme wa kutosha kuijaribu athi yenyewe. Kipimo cha kweli ni cha ukinzani wa fimbo ya athi, ile inayopigiliwa ardhini, kwa kifaa chake, na kwa nyumba yako fundi alenge chini ya omu 100.

Hapo Jambiani kuna taabu yake. Mmekaa juu ya uwanda wa mawe, udongo ni kiganja kimoja kisha jiwe la matumbawe, na jiwe kavu halipokei umeme. Fimbo iliyogonga mwamba, ikakatwa kwa msumeno na kufunikwa saruji, ni pambo. Athi yako ipelekwe penye unyevu wa kudumu, kwa mfano pale maji ya bafuni yanapomwagikia migombani, hata kama ni mita 15 kutoka ukutani. Ziwe fimbo mbili au tatu zilizoungwa pamoja, zimeachana angalau urefu wa fimbo moja. Juu ya hapo iwepo breka ya uvujaji ya miliampea 30, ile yenye kitufe kidogo cha herufi T. Kibonyeze kila mwezi, isipoanguka, ibadilishwe. Breka isiyo na kitufe hicho inaulinda waya usiungue, mtu haimlindi.

Jambo la pili la leo leo ni kile kizibo.

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 80 zikitoka nyuzi 26 hadi 60 zinaongezeka kiasi cha lita moja na kidogo, na maji hayabanwi kama hewa. Kurudi kwenye tangi la juu hayawezi, kwa sababu ndani ya valvu hiyohiyo mna kilango kinachozuia maji ya moto yasirudi kwenye paipu ya baridi. Njia inayobaki ni kitundu cha pembeni. Kudondoka wakati hita inapasha, basi, ndiyo kazi ya valvu. Nyingi za hita kama yako hufunguka mgandamizo ukifika baa 8. Ukiliziba tundu, kila inapopasha huku mifereji imefungwa, tangi linavimba na kunywea. Chuma kinavumilia, lakini ndani tangi limepakwa ngozi ya kigae kama ya bakuli la enameli, na hiyo haivimbi, inapasuka. Pale ilipopasuka chuma kinabaki uchi na kutu inaanza. Rangi ya chai ya asubuhi imetoka huko, ingawa ina mwenzake tutakayemtaja mbele.

Na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Themostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, ikigoma kukata, maji ndani ya tangi lililozibwa yatapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya mgandamizo. Siku tangi linapoachia, kila lita ya maji inayogeuka mvuke inachukua nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ukuta wa matofali hausimami mbele yake. Hita ikishapoa kabisa kizibo kitolewe, na valvu yenyewe ibadilishwe, maana ni kifaa kidogo kisichostahili kubahatishwa. Kitundu kiungwe mpira au paipu inayoteremka mpaka nje, mwisho wake ukiwa wazi na unaonekana. Rangi ya ukuta itapona. Mara moja kwa mwezi nyanyua kile kijiti cha valvu maji yatoke kwa sekunde chache, ili chokaa isiigandishe. Ukiona inadondoka hata hita ikiwa baridi, kuna mchanga au gamba limekaa kwenye kilango, na mara nyingi mnyanyuo huo unalisukuma nje. Msukumo wa maji hauhusiki: mnara wa mita tano unatoa nusu baa tu.

Sasa stabilaiza. Usinunue.

Elementi ni waya unaopata moto, haina ubongo wa kuchanganyikiwa. Umeme mdogo unaichelewesha, hauiui. Kwenye volti 230 inatoa kilowati 1.5 na inazipasha lita 80 kutoka nyuzi 26 hadi 60 kwa saa mbili na dakika chache. Jioni volti zikishuka 180, nguvu haipungui kidogo kama mtu anavyodhani: inapungua kwa mraba wa volti, inabaki kama wati 920, na kazi ileile inakwenda saa tatu na nusu. Dawa yake ni kuwasha mapema, saa nane mchana, kabla wageni hawajarudi na kabla mtaa mzima haujawasha taa na pasi. Umeme unaorudi kwa kishindo unaua friji na runinga; hita yenye kitasa cha kuzungusha haishtuki. Yenye kioo cha namba, hiyo ndiyo ina bodi ya kuogopewa.

Elementi ya kilowati 3 nayo ikatae. Inavuta ampea 13, mara mbili ya sasa, na waya uliopo huenda haukuwekwa kwa mzigo huo. Kubwa zaidi, inamwaga moto maradufu kwenye bomba ambalo kwa kawaida ni la urefu uleule. Uso wake unakuwa mkali zaidi, na uso mkali ndio unaokusanya chokaa haraka. Ya nne ingekufa mapema kuliko ya tatu. Na asije mtu akakushauri uachane na hita uweke zile shawa za umeme za papo kwa papo: zinavuta ampea 20 na zaidi, nyingi zina waya wa joto ulio uchi ndani ya maji, na maji yako yana chumvi. Kwa athi uliyonayo sasa, tusizitaje.

Anayeua elementi zako ni maji. Mvua ya kwenu inapenya kwenye jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni chokaa. Maji yanaiyeyusha kidogo kidogo na kuibeba bila kuonekana. Yakipashwa moto, ile gesi ya kaboni iliyokuwa imeishikilia chokaa inatoka, na chokaa inarudi kuwa jiwe, palepale penye joto kali kuliko pote, yaani juu ya elementi. Ndilo gamba jeupe unaloliona ndani ya birika la umeme. Tufanye hesabu. Maji ya ugumu wa miligramu 300 kwa lita si ajabu kwenye visima vya mawe. Vyumba viwili vikitumia lita 150 za maji ya moto kwa siku, ni gramu 45 za chokaa zinazopita ndani ya hita kila siku. Ikibaki sehemu moja tu ya kumi, kwa miezi mitano una zaidi ya nusu kilo ya jiwe kwenye tangi.

Gamba hilo linaifunika elementi kama blanketi. Joto halitoki, bomba linajiunguza lenyewe, linapasuka. Mngurumo unaousikia ni maji yaliyonaswa chini ya gamba yanachemka peke yake. Maji ya moto kumtosha mtu mmoja na nusu nako kunatoka hapo: mlija unaoshika kihisio cha themostati umevikwa chokaa pamoja na elementi, joto la elementi linaurukia, unadhani tangi zima limeshapata moto, unakata mapema.

Toa zile elementi mbili stoo uzitazame juani, zitakwambia mengi. Ikiwa ina gamba nene na bomba limechanika kwa urefu, hasa kwenye pindo, ni chokaa. Ikiwa bomba ni safi kiasi lakini lina vitundu kama vya kuchomwa na sindano, pembeni pana rangi ya kijani au ya kahawia, hiyo ni chumvi ya bahari. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo inatoboa shaba na hata chuma kisichoshika kutu. Ikiwa bomba limekuwa bluu au jeusi na limepinda bila gamba lolote, iliwashwa tangi halina maji. Hilo hutokea maji ya juu yakiisha na kile kilango cha valvu kimekwama wazi, tangi likajivuta na kujimwaga kinyumenyume. Na ikiwa bomba ni zima, ila ncha za kufungia waya zimeungua na plastiki imeyeyuka, kosa ni skrubu iliyolegea. Kwa maelezo yako tunatarajia gamba, na pengine vitundu pamoja nalo.

Yule mwenzake wa rangi ya chai ni fito ya magnesiamu. Ndani ya tangi la chuma lililopakwa enameli mna fito, kijivu, inayokaa sambamba na elementi. Kazi yake ni kuliwa. Kutu ikitafuta chuma cha kula kupitia nyufa za enameli, inaikuta fito kwanza. Kwenye maji matamu hukaa mwaka mmoja au miwili na zaidi. Kwenye maji ya chumvichumvi huenda kwa miezi. Mafundi wengi wanaobadilisha elementi hawaigusi, wengine hawajui kama ipo. Hita yako huenda imeendeshwa mwaka mzima bila fito, na kubadilisha elementi peke yake katika hali hiyo ni kutia nauli kwenye gari isiyo na tairi.

Kazi yenyewe itachukua nusu siku, chagua siku ambayo vyumba vya juu havina watu. Breka izimwe, mtu ahakikishe kwa testa kwenye ncha za elementi. Fungua mfereji wa moto hadi maji yatoke baridi. Funga koki ya maji yanayoingia, kisha acha mfereji wa moto wa shawa ukiwa wazi ili hewa iingie. Bila hewa tangi halitoi kitu. Unga mpira kwenye kitundu cha valvu, nyanyua kijiti, acha maji yatoke. Lita 80 kwa njia hiyo nyembamba hazitoki kwa haraka, zinaweza kwenda saa nzima, na yakisita fundi afungue nati ya paipu ya moto juu kidogo hewa ipite.

Kifuniko cha plastiki kikitoka, piga picha ya waya kwa simu kabla ya kugusa chochote. Sahani ya elementi imeshikwa na nati tano au sita. Zilegezwe kwa kuvukana, ya upande huu kisha ya upande wa pili. Weka beseni pana chini, si ndoo, kwa sababu litakaloanguka ni tope zito la chokaa na vipande kama maganda ya mayai. Yaliyobaki ndani yatolewe kwa mkono na kwa kijiti cha mti au kijiko cha plastiki. Bisibisi isiingie humo, itachuna enameli.

Elementi ya tatu kwa kuwa imeshavuja haina dawa. Lakini siku za mbele, ikiwa ina gamba tu, iloweke kwenye siki nyeupe, au kwenye gramu 50 hadi 100 za unga wa asidi ya limao kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, saa mbili hadi nne, ncha za waya zikiwa juu, kavu. Itatoa povu, gamba litalegea. Asidi ya betri na ile kali ya kusafishia vyoo hazifai, zinakula chuma. Na siki au asidi yoyote isikutane na dawa ya klorini ya kufulia, zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu.

Kabla elementi yoyote haijarudi ndani, hata mpya ya dukani, ipimwe. Ya wati 1,500 inatakiwa isome karibu omu 35 baina ya ncha mbili. Baina ya ncha na mwili wa chuma mita isisome kitu. Ikisoma chochote, unga umesharowa. Mwenye kile kifaa cha kupima uvujaji kwa volti 500 atumie hicho, isome megaomu moja (omu milioni moja) na zaidi. Fito iliyoliwa ikafika nusu ya unene wake, au inayoonesha waya wa katikati, ibadilishwe bila kujadiliana. Gasketi, ule mpira wa sahani unaozuia maji yasivuje, iwe mpya kila mara. Nati zikazwe kwa kuvukana vilevile, kidogo kidogo.

Kisha fungua koki na uache mfereji wa moto wazi. Utatema hewa, utakohoa, hatimaye maji yatatoka mfululizo bila kupumua. Hapo ndipo tangi limejaa, na hapo ndipo breka inyanyuliwe, si dakika moja kabla. Elementi mpya iliyowashwa kavu haifiki jioni. Themostati iweke nyuzi 60: juu ya hapo chokaa inashuka kwa kasi, na chini sana maji ya vuguvugu yanayokaa siku nyingi huzaa vijidudu vya mapafu. Vyumba vikikaa wiki bila wageni, pasha hadi 60 na uyamwage ya mwanzo kabla mgeni hajaingia. Kitufe chekundu kidogo kando ya themostati ni kinga ya joto lililopindukia. Kikiruka mara moja kibonyeze, kikiruka mara ya pili tafuta sababu.

Kwa maji yako, fungua hita baada ya miezi mitatu. Ukikuta kijiko kimoja cha chokaa, iende miezi sita. Ukikuta bakuli, rudi miezi mitatu ileile.

Njia ya kupunguza kazi hii ni kuibadilishia hita maji. Huhitaji kubadilisha ya nyumba nzima. Weka tangi dogo la lita 1,000 juu ya mnara uleule, liihudumie hita pekee, na ulijaze maji ya mvua au ya mfereji wa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, kama yanafika kwako na ni matamu kuliko kisima. Kwa kuwa matangi yako kimo kimoja, moto na baridi vitachanganyika shawani bila kushindana. Bati la mita za mraba 60 kwenye mvua ya milimita 10 linaangusha lita 600, na ukipoteza za mwanzo zinazoosha vumbi bado unapata kama 500. Masika na vuli zitakulisha vizuri. Wakati wa kusi, wageni wanapokuja kwa wingi, ndipo utakapotegemea mfereji. Mtambo wa kulainisha maji kwa chumvi ya mawe unaondoa chokaa lakini kloridi unaiacha, kwa hiyo kwako ni nusu ya dawa kwa bei kamili.

Na kisima chenyewe kihurumie. Maji matamu ya hapo yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji ya ardhini hukadiria kuwa kila sentimita unayoushusha uso wa maji matamu, ya chumvi yanapanda kama sentimita 40 kutoka chini. Pampu inayojaza lita 2,000 kwa mkupuo mmoja inayavuta juu. Jaza lita 500 mara nne kwa siku, na wakati wa bamvua onja kwanza. Ulimi wa kawaida unaanza kuhisi chumvi kloridi ikikaribia miligramu 250 kwa lita, na maji unayoyahisi ulimini elementi inayahisi zaidi.

Liko moja linaloweza kuifuta kazi yote hii. Siku ya kufungua, pangusa tangi kwa nje, hasa mshono wa chini. Unyevu ukitoka kwenye gasketi au kwenye valvu, unatengenezeka. Ukitoka kwenye mwili wa tangi lenyewe, hita imekwisha; kuichomelea kunaunguza enameli na itatoboka kando ya kovu. Basi usinunue elementi, nunua hita, na athi itangulie.

Tangi likiwa zima, ukishuka mjini sokoni Darajani kutafuta vifaa chukua sahani nzima ya zamani mkononi, si picha yake. Duka litakuuliza upana wa sahani, idadi ya matundu ya nati na nyuzi za skrubu ya fito, na elementi mbili zinazofanana kwa macho hukataa kuingia tangi moja. Omba ya wati 1,500 yenye bomba refu lililokunjwa mara nyingi, na kama ipo ya Incoloy (mchanganyiko wa nikeli, chuma na kromiamu) badala ya shaba, ongeza pesa uichukue. Beba fito mbili, valvu ya baa 8, na gasketi mbili. Ya kwanza mara nyingi huangukia kwenye tope.